Kiti cha Ngoy

Habari ya kifo cha Mama Véro ilinikuta Sakania, nimekaa juu ya mizigo ya watu wengine, nikingoja treni ambayo kila mtu pale stesheni alijua haitakuja siku hiyo. Nilifika Lubumbashi amekwisha zikwa. Kule Kasungami sikuutambua mtaa: palipokuwa mashamba ya mahindi sasa pamejaa kuta, na vile vichuguu vikubwa vyekundu vimechongwa vyote vikawa matofali. Lakini kilio ni kilio. Nilikuta wanawake wamekaa juu ya mikeka, sufuria ya bukari, yaani ugali wa kule, imefunikwa kwa kitambaa, na wanaume upande wa pili wakizungumza mambo yasiyohusu marehemu, kama kawaida yao. Msichana mmoja aliyekuwa akigawa chai aliniuliza kwa heshima mimi ni nani wa marehemu. Si dada, si mtoto, si jirani. Nikamwambia nilikuwa mpangaji wake mwaka mmoja, zamani, nchi ilipokuwa ingali inaitwa Zaïre. Akauliza tulifanya nini mwaka huo. Nikasema tuliwasha lori. Akatabasamu, akaniongezea sukari, akapita. Wale waliokuwepo siku ile wamebaki wachache, na mimi nazunguka mno kuweza kutegemea kwamba nitamsimulia mtu mwingine kwa mdomo. Ndiyo maana naandika.

Sitasimulia nilikotoka wala nani alinizaa. Shule niliiacha mapema kwa sababu dirisha la darasa letu lilitazama reli, na kilichopita nje kilinishughulisha kuliko kilichoandikwa ubaoni. Nilipofika Kasungami nilikuwa msichana wa miaka ishirini hivi, nimetoka kuwapikia madereva wa malori mpakani, na nilikuwa nimewauliza maswali mengi hata wengine walihama meza wakiniona nakuja na sahani. Mama Véro alinipa chumba cha nyuma ya jiko, chumba cha matofali mabichi chenye dirisha moja la mbao. Asubuhi ya kwanza nililisukuma lile dirisha nipate hewa, nikakutana uso kwa uso na lori. Lilisimama karibu kiasi kwamba ningeweza kuligusa taa. Nyasi zilikuwa zimepita katikati ya bampa, mmea wa maboga umepanda karoseri, lile bodi la nyuma, na kuzaa juu yake, na magurudumu yamezama ardhini kama miguu ya mtu aliyesimama kwenye tope akisahau alikokuwa akienda. Ndani ya kabini, kiti cha dereva kilikuwa kimefunikwa kitambaa cheupe kilichofuliwa na kupigwa pasi. Kiti cha pili kilikuwa vumbi tupu.

Lori lilikuwa la Ngoy, mume wa Mama Véro, aliyekufa kwa ugonjwa miaka kadhaa kabla sijafika. Watu wao ni wa kaskazini, Wakatoliki wa tangu enzi za babu zao waliokuja na kazi za reli, na walijua sala za Kilatini na desturi za kwao bila kuona kwamba viwili hivyo vinagombana. Kwa desturi, kilio cha mtu mzima kina siku ya kumalizika. Siku hiyo vitu vyake vinagawanywa, na mmoja wa ukoo anampyana, yaani anachukua nafasi yake: jina lake, nyumba yake, na zamani hata mke wake. Kwa Ngoy nafasi hiyo ilikuwa kiti cha lori. Baba yake, mzee Ilunga, alikuwa amelitamka mwenyewe pale matangani: atakayekaa kwenye kile kiti na kuiamsha injini, ndiye mpyani. Mpaka siku hiyo asikae mtu. Na siku hiyo mzee aliisogeza kila mwaka. Kiangazi kikifika, ukoo ukimwuliza, anasema bado.

Mzee aliishi pale nyumbani. Baba mkwe na mke wa mwanawe, kwa watu wale, hawatazamani usoni wala hawasemezani. Ni heshima ya buko, ya ukwe. Mama Véro alipiga magoti, akaweka bukari na sombe ya majani ya muhogo juu ya kigoda, akarudi jikoni, na mzee alianza kula akiusikia mlango umefungwa. Kabla sijaja sijui walipitisha wapi maneno yao. Nilipokuja, barabara ilikuwa mimi. Mama Véro akiwa jikoni anasema kwa sauti ambayo hata jirani aliisikia: "Mado, uliza papa kama samaki iko na chumvi." Nami nageuka kumwuliza mzee aliyekaa hatua chache kutoka pale, naye anatafuna kwanza, anafikiri, anasema: "Mado, ambia ule mwenye kupika, chumvi iko bien, lakini samaki ni kidogo." Kisha kutoka jikoni: "Mado, ambia papa, samaki ni kidogo juu mutego ni kidogo." Nilicheka peke yangu katikati yao kama mtu aliyekaa mpakani. Nimekula kwenye miji mingi tangu wakati huo, na meza nyingi ambapo watu wanatazamana na kusemezana wanavyotaka, lakini sikumbuki meza iliyokuwa na uangalifu kama ule, watu wawili waliokuwa wakipimana njaa na uchovu kwa kusikiliza tu mlio wa sahani.

Mwaka huo paroko alimwambia mzee kwamba kilio kisichofungwa kinakuwa dhambi ya kukata tamaa, na mzee, aliyeweza kubishana na ukoo mzima, hakuweza kubishana na paroko. Siku ikapangwa, mwisho wa kiangazi, baada ya misa. Donatien, mdogo wake Ngoy, alianza kuja kila wikiendi kutoka mjini alikofanya kazi ofisini. Alikuwa mtu wa mashati yaliyonyooka na utani mwingi. Alizunguka lori akipiga matairi teke, akasema injini ikiwaka atakaa yeye, isipowaka wale wanunuzi wa vyuma chakavu waliokwisha kuanza kupita na nyundo zao watalikata vipande. Alikuwa na mke wake mtaa wa Katuba, lakini alimwambia Mama Véro mbele yetu, akicheka, aanze kumzoea, kwa sababu kiti hakirithiwi bila godoro. Watu walicheka. Mama Véro aliendelea kupepeta unga.

Jioni ile tukichambua sombe nilimwuliza anataka nini hasa. Alimaliza fungu la majani alilolishika. Alikuwa mtu wa kumaliza kilichopo mkononi kwanza. Alitaka kubaki katika nyumba aliyoijenga na Ngoy tofali kwa tofali, na mahindi yake yaende sokoni kwa lori lake badala ya kungoja malori ya makaa yampe nafasi. Basi hayo mawili. Lakini lori lisipowaka linakatwa, na likiwaka anaingia Donatien pamoja na sanduku lake la nguo. "Miye niko na bwana moja," aliniambia. "Amekufa, lakini njo yule, hakuna mwingine." Nilifikiri usiku kucha jinsi mtu anavyoweza kutamani injini iwake na kuogopa iwake kwa wakati uleule, na kesho yake nikaenda kusimama karibu na fundi.

Fundi alikuwa Papa Boniface, mtu mnene mwenye redio ndogo shingoni, aliyetukana kila injini kabla ya kuifungua ili, kwa maneno yake, ijue mapema nani mkubwa. Donatien ndiye aliyemleta. Mwanzoni alinifukuza, halafu akagundua kwamba mkono wangu unaingia mahali ambapo wake hauingii, basi ukawa mwisho wa kufukuzwa. Kwanza injini ilikuwa imeshikamana; pistoni zimelala na kutu. Tulifungua juu tukamimina mazutu, yaani dizeli, iliyochanganywa na oili katika kila silinda, tukafunika kwa vitambaa, na Papa Boniface akasema tuache inywe. Katika chujio la hewa panya walikuwa wamejenga kwa maganda ya mahindi, wamezaa, wamehama. Kila asubuhi aliweka chuma kirefu kwenye puli ya mbele na tukasukuma wote wawili bila kufanikiwa, mpaka asubuhi moja chuma kikasogea upana wa kidole. Papa Boniface akazima redio. "Imepumua," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeko wodini. Tangu hapo kazi ilikwenda. Na kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kukaa kwenye kiti, kila jaribio tulilifanya kutoka nje: betri za kuazima chini, kamba ya kuzimia injini imevutwa na kufungwa ili izunguke bila kuwaka, na Papa Boniface ameingiza mkono ubavuni anagusisha vyuma vya stata kwa spana huku cheche zikiruka. Mzee Ilunga alituwekea sheria: inaweza kugeuka usingizini, lakini isilie kabla ya siku yake.

Ilikuwa Jumamosi, Donatien yupo, tulipofungua chujio la mazutu. Badala ya mazutu kilitoka kitu cheupe kizito kama uji uliolala, na harufu yake ilikuwa chachu. Papa Boniface alisema pampu imeoza. Halafu akasema hapana, kuna mtu amefanya dawa. Halafu akaweka kidole ulimini, akaanza kucheka mpaka redio ikatikisika kifuani. "Hii ni munkoyo," alisema. "Bantu ya hapa banakunywesha kamyo munkoyo." Alipoona hakuna mwingine anayecheka kwamba watu wamelinywesha lori, naye akaacha. Munkoyo ni kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, na pale nyumbani mtu aliyekipika alikuwa mmoja. Donatien hakupandisha sauti. Alisema sasa ameelewa. Mke wa kaka yake aliiua injini kwa makusudi ili kiti kisipate mtu, na jambo hilo atalisema mbele ya ukoo wote siku ya kufunga kilio, kisha mwanamke aende kwao. Jikoni mchi wa Mama Véro ulisimama kinuni. Ukakaa kidogo. Ukaendelea kutwanga. Nilimtazama mzee, aliyekuwa mahali pake, amelipa jiko mgongo, akitengeneza kofia yake ambayo haikuwa na kasoro yoyote.

Donatien alipoondoka nilikwenda jikoni nikamwuliza Mama Véro waziwazi. Aliosha mikono kwanza. Kisha akanieleza kwa sauti ndogo kwamba kila Jumapili, wakitoka misa, mzee huomba vikombe viwili vya munkoyo. Kimoja hunywa yeye. Cha pili huenda nacho nyuma ya nyumba, kwenye lori, na akirudi vikombe vyote ni vitupu. Aliwahi kumwona kupitia tundu la dirisha langu, kabla chumba hakijawa changu: mzee amefungua kifuniko cha tangi, anamimina polepole, anazungumza. Mama Véro alikwisha jua injini itaharibika, na hakumwambia mtu. Nikamwambia basi aseme sasa, maana atafukuzwa kwa kosa lisilo lake. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyeomba kisu.

"Papa ya bwana yako haumusemake mbele ya bantu," alisema. "Na weye ufunge kinywa. Ukisema weye, ni miye nimesema."

Hapo ndipo nilipoelewa kazi yangu katika nyumba ile ilikuwa nini. Kwa miezi nilijiona mtu wa kupita, mwenye masikio tu, na kumbe kinywa changu kilikuwa cha Mama Véro. Katika maisha yangu nimesema mengi mahali pasipofaa na kuondoka kabla hayajajibiwa. Mtu asiye na kwao anaweza. Mwaka ule nilijifunza kukaa na neno. Tulishusha tangi, tukatia kokoto na mazutu ndani, tukalitikisa kama ngoma, mimi upande huu na Papa Boniface upande ule, tukalianika juu ya kichuguu mpaka likawa kavu hata kwa pua. Tukafungua mabomba yote tukayapuliza kwa mdomo. Nilijifunza kutoa hewa kwenye mfumo wa mazutu, ukilegeza skrubu na kupampu kwa kidole gumba hadi mapovu yaishe. Mzee alipita karibu yetu kila siku, akasimama, akaonekana anataka kuuliza jambo, akaenda zake. Ile Jumapili iliyofuata aliomba kikombe kimoja.

Siku ya kufunga kilio uwanja ulijaa. Walikuja shangazi na wajomba, na majirani waliosikia habari ya lori lililonyweshwa. Misa ilikuwa imekwisha, bukari imeliwa, na munkoyo ulipoanza kuzungushwa kila mtu alipokea kikombe akitazama chini, wengine wakiuma midomo wasicheke. Donatien alivaa suti. Alisimama akamsifu kaka yake, na alimsifu vizuri, kwa sababu alimpenda. Alisimulia jinsi Ngoy alivyomfundisha kuendesha katika lori lilelile, akimpiga kofi la kisogo kila alipolizima. Akafunga kifungo cha koti. Kisha akasema maneno aliyoyaahidi. Mwanamke aliyeinywesha injini pombe amekataa desturi, na aliyekataa desturi hana nyumba hapa. Akamgeukia baba yake, akanyoosha mkono apewe ufunguo.

Mzee Ilunga alitoa ufunguo mfukoni lakini hakumpa. Alisimama kwa shida. Alipoanza kusema, alisema taratibu, na nayaandika kama nilivyoyasikia.

"Ni miye. Munkoyo ni miye nilikuwa natia. Mutoto wangu alikufa na kiu. Pale hospitali balikataza asikunywe, juu ya operation. Akaniomba maji asubuhi yote. Miye nikamwambia, ngoja, Ngoy, ngoja kidogo. Akangoja. Akakufa." Aliugeuza ufunguo mkononi. "Njo maana nilikuwa namuletea kila dimanche, tukitoka misa. Sikujua nitie wapi. Nikatia pale yeye alikuwa anatia."

Wengi walitua vikombe chini. Mwanamke mmoja mzee alianza kulia kwa sauti ya chini, kilio cha kweli, si cha desturi. Donatien alikuwa bado amenyoosha mkono, kana kwamba ameusahau. Akasema kwa upole kwamba hata hivyo, papa, mwanamke hapyani. Mzee akamjibu kwamba yeye Donatien alizungumza sana, na kuna mtu alinyamaza, na mwenye kunyamaza alilibeba jina la mzee mgongoni wakati mzee mwenyewe aliliangusha. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu nifike. Hakunigeukia mimi. Aligeuka kuelekea jikoni, macho chini, akatamka jina.

"Véro. Ingia pa kiti."

Aliweka ufunguo juu ya ngazi ya kabini, akarudi nyuma, kama vile yeye alivyozoea kuwekewa chakula. Mama Véro alitoka na mikono yenye unga. Alipiga magoti, akauokota ufunguo, akafungua mlango. Kile kitambaa cheupe alikikunja mara mbili, akakipakata mapajani, akakaa. Minong'ono ilipita kwa shangazi na wajomba, lakini mzee alikuwa amekwisha sema, na kiti kilikuwa kimekwisha kaliwa.

Shida ni kwamba hakujua kuendesha. Nilipanda upande wa pili kumwelekeza: asukume ile kamba ya kuzimia ndani, ageuze ufunguo, asiuachie haraka. Papa Boniface alikuwa chini ya boneti na kidole kwenye pampu. Mara ya kwanza injini ilizunguka, ikakohoa, ikanyamaza. Mara ya pili ilizunguka kwa uzito zaidi. Mara ya tatu betri zilikuwa zinachoka, sauti imekuwa ya mtu anayeburuta gunia, na nilimwona Mama Véro akibana midomo. Nikajua kwamba ikishindwa, wale wenye nyundo watakuja, na maneno ya mzee hayatakuwa na mahali pa kukaa. Hapo sauti ikatoka kwenye umati, kali, ya mtu ambaye hakuweza kujizuia.

"Kanyaga embrayage!" Alikuwa Donatien, akitaja klachi kwa Kifaransa. Alikuwa amekuja mpaka ubavuni mwa lori na suti yake. "Ule wa kushoto, Véro. Kanyaga mpaka chini, motere isibebe boîte ya gia. Sasa rudia."

Akakanyaga, akarudia. Injini ilizunguka kwa wepesi, ikapiga mara moja, ikapiga tena, halafu ikashika. Moshi mweupe ulifunika uwanja, kisha mweusi. Watoto walikimbia, kuku walipanda juu ya paa, maboga yakadondoka kutoka karoseri. Lori zima lilitetemeka na meno yangu yakatetemeka nalo. Donatien aliendelea kusimama ndani ya moshi, mkono juu ya bampa, na sikuweza kuona uso wake.

Mama Véro hakushuka. Watu walikuja kumpongeza dirishani, akawaitikia kwa kichwa, mikono yote miwili kwenye usukani. Walimletea sahani, akala palepale akitumia mkono mmoja, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akila mbele ya mzee. Jua likaanza kushuka na injini bado inanguruma, wageni wanapiga kelele ili wasikizane. Hatimaye Papa Boniface alipanda ngazini akamwambia azime. Mazutu ya bidon, lile dumu moja tulilotia, inakwisha, na ikiisha hewa itaingia tena kwenye mabomba. Mama Véro alishika kamba ya kuzimia. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza habari ya mgonjwa:

"Nikiizima, itawaka tena?"

"Itawaka, mama."

"Nani ataiwasha?"

Papa Boniface alijikuna shingo, akatazama wanaume waliokaa kwenye viti, akamtazama mzee, akamrudia yeye. Akasema ufunguo anao yeye, hivyo ni yeye. Mama Véro alivuta kamba. Kimya kilichofuata kilikuwa kizito hata watu waligeuka wote kwa pamoja, vikombe mkononi. Alikaa hivyo, akiwaacha watazame. Halafu akakanyaga embrayage, mpaka chini, akageuza ufunguo, na lori likawaka.